Boti za Starehe Zilizoitwa Vitani

Mei 14, 1940, redio ya BBC ilitangaza agizo la jeshi la majini la Uingereza: kila mwenye boti ya starehe ya injini, yenye urefu wa futi 30 hadi 100, apeleke maelezo yake ndani ya siku 14. Wengi husimulia kana kwamba agizo hilo lilitolewa kwa ajili ya uokoaji wa Dunkirk. Sivyo. Karakana za boti zilikuwa zimezidiwa na kazi ya kuunda meli za mbao za kuondoa mabomu ya sumaku baharini, na jeshi likawa na uhaba wa vyombo vidogo.

Siku kumi na mbili baadaye wanajeshi waliozingirwa na Wajerumani huko Dunkirk, Ufaransa, wakaanza kuokolewa. Ufuo wa Dunkirk una maji ya kina kifupi, na manowari haziwezi kuusogelea. Boti zilizozoea kutembeza familia katika mto Thames ziliweza. Kule Teddington, karakana ya Tough Brothers ilikusanya zaidi ya 100.

Hata hivyo, sifa zimezidi hesabu. Kati ya watu 338,226 waliookolewa, 98,671 walichukuliwa ufuoni; 239,555 walipandia bandarini, wengi wao wakibebwa na manowari na meli za abiria. Wenye boti nao, kwa sehemu kubwa, walibaki nyumbani na vyombo vyao vikaendeshwa na wanamaji.

Charles Lightoller alikataa kubaki. Huyu ndiye afisa wa cheo cha juu kuliko wote walionusurika Titanic mwaka 1912, na yoti yake, Sundowner, hakutaka mtu mwingine aishike usukani. Juni 1 alivuka pamoja na mwanawe na kijana mmoja wa skauti, wakarudi Ramsgate na askari zaidi ya 120 waliobanana hadi chooni. Kinachochekesha ni kwamba Sundowner ilizaliwa jeshini: Lightoller aliigeuza yoti kutoka boti kuukuu ya wanamaji.

Mtindo huu wa kupeleka yoti vitani ulikuwa na umri tayari. Mwaka 1898 Marekani ilinunua yoti ya tajiri J. P. Morgan, ikaifunga mizinga na kuiita Gloucester; Julai 3 ikazikabili manowari mbili ndogo za Hispania karibu na Santiago de Cuba, zote mbili zikaangamia. Miaka miwili kabla, yoti ya Sultani wa Zanzibar, Glasgow, haikuwa na bahati hiyo. Agosti 27, 1896 ilithubutu kuifyatulia manowari St George ya Waingereza, ikazamishwa palepale bandarini.

Lakini msiba mkubwa zaidi haukuhitaji adui. Iolaire, yoti iliyokuwa imetumikia jeshi la Uingereza, ilikuwa ikiwarudisha mabaharia kisiwani Lewis usiku wa kuamkia Januari 1, 1919, vita vikiwa vimekwisha. Ilibeba watu wapatao 280, ilhali mashua zake za kuokolea zilitosha 100 tu. Iligonga mwamba karibu kabisa na bandari ya Stornoway. Angalau 201 wakafa.

Mwaka 1942, nyambizi za Ujerumani zilipokuwa zikizamisha meli mbele ya miji ya Marekani, walinzi wa pwani walichukua yoti za matanga kufanya doria. Hapa kuna akili: chombo kisicho na injini nyambizi haikisikii. Taabu ilikuwa tufani. Desemba, yoti Zaida iliharibiwa na dhoruba na kupeperushwa karibu wiki tatu kabla ya watu wake tisa kupatikana wakiwa hai.

Naye mwandishi Ernest Hemingway akazunguka karibu na Kuba katika Pilar, boti yake ya kuvulia, akiwa na mabomu ya mkono na mpango wa kuyatumbukiza ndani ya nyambizi ikiibuka. Hakuzamisha hata moja. Mwaka 1943, wakati meli halisi za kivita na ndege zilipokuwa zimefika za kutosha, doria ya yoti ilifungwa.