Rovu, Chumvi na Mja Mzito

Neno rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, ni la zamani. Bali sababu yake kubwa, upungufu wa iodini, ilifahamika baada ya Bernard Courtois kuigundua iodini katika majivu ya mwani mwaka 1811. Katika Tanzania maradhi haya yalienea zaidi nyanda za juu, kama Mbeya na Iringa, ambako mvua za karne nyingi zimeiosha iodini udongoni. Kwa hiyo mtu wa pwani aweza kudhani kwamba hayamhusu. Dhana hiyo si sahihi, kwani chumvi ya bahari, kama ile ya mashamba ya chumvi ya Kunduchi, kaskazini ya Mwenge, huwa na iodini haba mno isipotiwa. Miaka ya 1980 vidonge vya mafuta ya iodini viligawiwa katika wilaya zilizodhurika. Miaka ya 1990 sheria ikaamuru chumvi itiwe iodini, ambayo watu huiita madini joto. Mja mzito ahitaji mikrogramu 250 kwa siku, maana miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za tezi ya mamaye, na zikipungua sana ubongo wake hudumaa. Basi mama wa Mwenge, ingawa bahari i karibu naye, kinga yake imo katika chumvi iliyotiwa madini joto.