Mtu Mmoja, Nyuzi Nane

Jumamosi jioni ukipita Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, huwezi kukosa jamaa na gitaa kavu kwenye kona ya klabu ya nyama choma. Hana bendi. Watu mezani wanataka ngoma za wenyewe, zile wanazozijua, na meneja anataka hizo hizo. Rafiki yangu hupiga shoo kama hizi. Juzi aliniuliza kama aache kabisa kuimba nyimbo zake. Sikuwa na jibu, kwa hivyo nikamsimulia habari za Ayub Ogada.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, jina lake Job Seda. Mwaka wa 1979 alikuwa kati ya walioanzisha African Heritage Band, bendi iliyokua kwenye jumba la sanaa la Joseph Murumbi na Alan Donovan jijini Nairobi. Ukimwona kwenye filamu ya Out of Africa ya 1985, hadithi ya shamba lililo chini ya vilima vya Ngong, hapa hapa kwetu, ni yeye.

Kisha akaenda Uingereza na nyatiti yake. London alipiga kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Hebu fikiria: watu wanakimbilia treni, Kijaluo hawakijui, na hakuna wa kumwagiza wimbo. Huko ndiko watu wa tamasha la WOMAD walikomsikia. Mwaka wa 1993, Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda, amevaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, anaigonga kwenye chombo chenyewe, na njuga zinalia mguuni. Kwenye matanga ya Waluo, mtu huyo mmoja ndiye bendi nzima: anaimba, anasifu, anatuzwa. Ayub alichukua kazi hiyo ya kale akaipunguza kasi, akaimba kwa sauti ya chini, ikawa yake.

Sasa sikiza hii. Wimbo wake Kothbiro, yaani mvua inakuja, ulianza miaka ya 1970 na bendi ya Black Savage. Baadaye akaurudia na nyatiti. Mwaka wa 2005 ukasikika kwenye filamu ya The Constant Gardener. Mwaka wa 2018 Kanye West akachukua kipande cha ile rekodi ya Black Savage akakitumia kwenye Yikes. Ayub alifariki Februari 2019. Angekuwa anapiga ngoma za wenyewe pale stesheni, leo tungekuwa tunamzungumzia?

Lakini tusidanganyane. Kutoka bendi hadi albamu ni miaka 14, na kodi ya nyumba Kitengela haingoji hata siku 14. Rafiki yangu alinijibu hivyo hivyo.

Siku hizi anafika mapema. Nyama ikiwa bado motoni na watu wakiwa kwenye simu zao, anapiga nyimbo zake tatu. Hakuna anayemwagiza kitu. Nusu saa hiyo anaiita stesheni. Nyama ikifika mezani, anarudi kwa ngoma za wenyewe.