Piesi zisizopatikana: historia ya magari madogo ya telekomandi na mafundi wanaoyafufua

MUHUMBA, BUKAVU – Gari la kuchezea linaloendeshwa kwa telekomandi mara nyingi linakufa kwa sababu ya jino moja. Gurudumu la meno la plastiki, dogo kama kifungo cha shati, linakatika jino. Mota inalia, lakini matairi hayazunguki. Dukani hakuna anayeuza jino hilo. Mwenye duka anauza gari zima, kama analo. Na kama njia ya kulileta imefungwa, hata gari zima halipo.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza: kutengeneza upya kitu ambacho kiwanda hakitoi tena, au ambacho hakiwezi kufika. Bukavu, kazi hiyo ina historia ndefu kuliko magari hayo yenyewe, na inawahusu hata watu wasiojali michezo ya watoto.

Mji ambao njia zake hukatika

Muhumba ni mtaa wa komuni ya Ibanda, karibu na ziwa. Zamani za Wabelgiji, mji uliitwa Costermansville, na maduka yake yalijaa vitu kutoka ng'ambo. Piesi ya gari, ya baiskeli au ya cherehani ilisafiri majuma mengi kabla ya kufika hapa. Mji wa namna hiyo, ulio mbali na bahari, unaishi kwa njia zake: ziwa kwenda Goma, daraja la Ruzizi kwenda Rwanda, barabara ya Uvira, na uwanja wa ndege wa Kavumu.

Njia hizo zimekatika mara nyingi. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazairwa. Wengi waliopewa maduka hawakuwa na uhusiano na viwanda vya nje wala mikopo ya kuagiza, na rafu zikaanza kubaki tupu. Vita vikaja mwaka 1996 na tena 1998. Mwaka 2004 mji ulitekwa kwa siku chache. Februari 2025, AFC/M23 walipoingia Bukavu, uwanja wa Kavumu ulifungwa, na benki pia zikafunga milango.

Kila mara, watu walirudi kwa yule aliyekuwa na kisanduku cha vitu vilivyovunjika.

Gari lisilongoja duka

Mfano unaojulikana kuliko yote ni chukudu ya Goma. Wengi wanasema ilianza kuenea miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulipoporomoka. Ni mbao ngumu, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na beringi zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa. Hakuna piesi yake inayoagizwa kutoka ng'ambo. Ikivunjika, fundi anachonga nyingine kwa kupima ile iliyovunjika. Mwaka 2009 sanamu ya chukudu ilisimamishwa katikati ya Goma. Familia nyingi zilizokimbia vita zinaijua kwa namna nyingine: ndiyo iliyobeba magodoro, sufuria na bibi mzee.

Watoto nao wana lao. Gari la waya, lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili au vifuniko, linaongozwa kwa fimbo ndefu yenye usukani juu. Fimbo hiyo ndiyo telekomandi ya kwanza ya mtoto wa Kivu. Tairi likichakaa, anakata jingine kwa kufuata alama ya lile la zamani.

Magari ya redio yalivyoanza

Kuendesha chombo kwa mawimbi ya redio si jambo la juzi. Mwaka 1898, Nikola Tesla alionyesha mjini New York mashua ndogo aliyoiongoza bila waya. Magari ya kuchezea ya namna hiyo yalianza kuuzwa miaka ya 1960. Kampuni ya Italia iitwayo Elettronica Giocattoli ilikuwa kati ya za kwanza. Mwaka 1976, kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa Porsche 934 ya umeme, na mchezo ukaenea duniani. Miaka ya 1980 yakafuata Frog, Hornet na Grasshopper.

Kisha kiwanda kikaacha kuyatengeneza, na waliokuwa watoto wakawa watu wazima wenye magari yasiyo na piesi. Wakaanza kuzitengeneza wenyewe, au kununua magari mabovu ili kuyachuna. Miaka ya 2000 Tamiya ilirudi kutoa tena baadhi ya magari yale ya zamani.

Kampuni nyingine zilipofungwa, kalibu zao zilipotea pamoja nazo. Kwa magari ya kampuni hizo, kielelezo kilichobaki ni piesi iliyovunjika, mkononi mwa mtu aliyekataa kuitupa.

Jinsi ya kusoma piesi iliyovunjika

Gurudumu la meno linasomeka kwa hesabu ndogo. Fundi anahesabu meno, pamoja na nafasi ya yale yaliyokatika. Anapima upana wa gurudumu kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Anaongeza 2 kwenye idadi ya meno, kisha anagawanya upana kwa jumla hiyo. Gurudumu la meno 22 lenye upana wa milimita 12: 22 na 2 ni 24, 12 kugawanywa kwa 24 ni 0.5. Namba hiyo ndiyo kipimo cha meno. Gurudumu lolote lenye kipimo cha 0.5 litashikana nalo, hata likitoka kwenye printa ya ofisi iliyokufa au kwenye mashine ya kaseti. Kilichobaki ni kutafuta lenye meno 22 na kurekebisha tundu la katikati.

Likikosekana, linaweza kumiminwa. Piesi nzima ya mfano inazamishwa katika silikoni. Silikoni ikikauka, inakuwa kalibu. Ndani yake inamwagwa gundi ngumu ya sehemu mbili. Mafundi wa sufuria wanafanya kazi ya aina hiyo kwa mchanga na aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka injini za zamani. Aluminiamu inayeyuka ikifika nyuzi 660 za Selsiasi. Tairi nalo linakatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli.

Telekomandi ni kazi ya fundi wa redio. Magari mengi ya zamani yanatumia mawimbi ya megahezi 27, na kila upande una kristali yake. Ya mpokeaji iko chini ya ile ya mtumaji kwa kilohezi 455. Kama ya mtumaji imeandikwa 27.145, ya gari inapaswa kuandikwa 26.690. Fundi wa redio anaifahamu namba 455 tangu zamani, kwa kuwa ndiyo inayotumika ndani ya redio nyingi za mawimbi ya kati na mafupi. Mkono unaofufua gari la mtoto ni ule ule unaofufua redio ambayo familia inasikilizia habari za kijiji ilichokimbia.

Mashine mpya, kazi ile ile

Siku hizi kuna printa za 3D, zinazoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka juu ya tabaka. Scott Crump wa Marekani aliomba hataza ya njia hiyo mwaka 1989. Mwaka 2005, Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap wa mashine ambayo mtu yeyote anaweza kuiiga. Hataza kuu ilipoisha mwaka 2009, bei zilishuka sana. Mwaka 2013, huko Lomé, Togo, Afate Gnikou alijenga printa ya namna hiyo kwa mabaki ya kompyuta na skana zilizotupwa. Nairobi nako, AB3D wanatengeneza printa kwa kutumia mabaki ya vifaa vya umeme.

Mashine hiyo inasaidia, lakini inahitaji umeme usiokatika, na inahitaji vipimo. Plastiki yake ya kawaida, PLA, inalainika kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo haifai kukaa karibu na mota inayopata moto. Na bila piesi ya zamani au mtu aliyeipima, haina cha kuchapa.

Kitu cha kutunza

Familia inayohama haiwezi kubeba kila kitu, na hakuna atakayelaumiwa kwa kuacha gari la mtoto nyuma. Lakini ikiwa gari, redio, taa ya jua au cherehani vimebebwa, piesi iliyovunjika isitupwe. Ifungwe kwenye kitambaa pamoja na vipande vyake vyote. Kwa fundi wa mahali pageni, ambaye hajawahi kuona chombo hicho, kipande hicho kinamwambia mambo ambayo mwenye chombo hawezi kuyaeleza kwa maneno.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Betri za magari ya zamani ni seli sita za volti 1.2, jumla volti 7.2. Watu wengine wanaweka badala yake seli mbili za lithiamu kutoka kwenye kompyuta, zenye volti 7.4. Gari linatembea, lakini seli hizo zikichajiwa kwa chaja ya zamani zinaweza kuwaka moto. Katika hema au nyumba ya mbao inayolala watu wanane, hatari hiyo ni kubwa. Zichajiwe kwa chaja yake tu, mtu mzima akiwa karibu, na isiwe usiku watu wakiwa wamelala.

Mafundi wenyewe pia wamehama. Wengine waliondoka Bukavu kwenda Burundi, Rwanda au mbali zaidi. Wengine wamefika hapa kutoka vijijini wakiwa na koleo na bisibisi tu. Duka likiporwa, bidhaa zinaweza kuagizwa tena siku barabara ikifunguka. Fundi akiondoka bila kumfundisha mtu, hakuna lori linaloleta mwingine. Kwa hiyo kijana anayekaa pembeni ya meza ya fundi akihesabu meno ya gurudumu la gari la kuchezea asifukuzwe. Hesabu hiyo hiyo ndiyo atakayoitumia siku mashine ya kusaga mihogo itakaposimama na piesi yake isipatikane.