Jinsi ya kuchora miteremko ya Taita kwa tarakilishi

MCHORAJI wa ramani za nyumba aliyezoea viwanja vya Voi, mji ulio kwenye kimo cha mita 600 hivi, huweza kusahau mteremko. Katika Milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria hupita mita 2,200, kusahau huko humpotosha fundi atakayechimba msingi.

Programu ya SketchUp, iliyotolewa mwaka wa 2000 na kununuliwa na kampuni ya Trimble mwaka wa 2012, hupokea programu ndogo za nyongeza. Mojawapo, Sandbox, hugeuza kontua, yaani mistari inayounga sehemu zenye kimo sawa, kuwa sura ya ardhi.

Vyombo vya Sandbox visipoonekana, fungua sehemu ya kusimamia nyongeza uhakikishe vimewashwa. Programu ikianza kukwama baada ya kupokea nyongeza mpya, zima nyongeza zote, ifunge na kuifungua tena, kisha uziwashe moja moja hadi yenye hitilafu ijulikane. Hakikisha pia kwamba nyongeza hiyo inaafikiana na toleo ulilo nalo.

Ardhi ikitokea bapa, inua kwanza kila kontua hadi kimo chake. Mlima ukitokea mdogo kuliko kichuguu, chunguza vipimo: mita zikisomwa kama milimita, mchoro hupungua mara 1,000.

Kabla ya kumkabidhi fundi mchoro, linganisha vimo vyake kadhaa na vile vilivyoandikwa na mpimaji ardhi.