Taa nyekundu, taa ya kijani

Kimya kingi kina mshindo, shifti za usiku zimenibana. Juzi nikitoka kazini hapa Southampton niliona boti ikiingia gizani: taa nyekundu kushoto, kijani kulia. Nikachimba historia yake.

Mwaka 1848 Uingereza iliziamuru meli za mvuke zibebe taa hizo, na nyeupe mlingotini, ili manahodha wajue mwenzao anaelekea wapi. Kanuni za kimataifa za leo ni za 1972. Chombo cha tanga au makasia cha chini ya mita 7, kikishindwa kubeba taa hizo, lazima kiwe na tochi tayari, iwashwe mapema kuzuia ajali.

Sasa la kinesi. Jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza. Mwaka 1933 George Wald aligundua vitamini A ndani ya retina. Anayeikosa haoni vizuri usiku. Mwanga mkali huyarudisha macho mwanzo, nyekundu hafifu huyasumbua kidogo.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukishaikodolea karabai, usikimbilie kung'oa nanga. Subiri kwanza. Na ile tochi niliyokutumia, itoe kabatini, iende baharini nawe.

Mama msalimieni sana!