Masizi, Moshi na Kutu: Kero ya Bunduki Upareni Tangu Enzi za Mjerumani

Siku hizi hata bastola zinapigwa pamba. Juu kinafungwa kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, na mbele ya mtutu inafungwa kompensata, kile kidude chenye matundu kinachorusha gesi juu ili mdomo wa bastola usiruke. Poa sana, ila ina gharama yake. Gesi hiyo hiyo inabeba masizi, yanatua kwenye kioo na kuziba matundu. Mwenye nayo asipofuta kioo kwa kitambaa laini, asipokwangua matundu na kuangalia skrubu kama zimelegea, amebeba pambo tu kiunoni.

Wengi wanadhani kero hii imekuja na usasa. Wapi! Upare wameijua zaidi ya miaka 100 sasa.

Kwanza, Wapare na chuma ni ndugu wa zamani. Kule Ugweno, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Mchanga wa chuma uliokotwa kwenye vijito, ukayeyushwa kwa mkaa na mivukuto, yakatoka majembe, mashoka na mikuki. Hata Wachaga walinunua chuma chao huko. Kwa hiyo mhunzi wa Kipare hakuhitaji Mzungu wa kumfundisha kwamba chuma kisichotunzwa huliwa na kutu.

Ikaja vita ya 1914. Makampuni mengi ya askari weusi wa Mjerumani yalikuwa bado na bunduki ya mtindo wa 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi. Ukifyatua, linapanda wingu la moshi. Adui hana haja ya kukutafuta, anapiga pale pale penye moshi. Askari ambaye jina lake halikuandikwa popote alijulikana alipo kwa kosa la baruti yake tu.

Moshi ukiisha, kazi inabaki. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu, na mtutu ukiachwa hivyo unaanza kuliwa upesi. Mafuta peke yake hayatoshi. Dawa yake ni maji ya moto, kitambaa kinachosukumwa kwa ufito, kukausha kabisa, ndipo mafuta kidogo. Mtu ametembea siku nzima, amechoka, ana njaa, na bado anatakiwa afanye hivyo kabla ya kulala.

Novemba 1914, baada ya Waingereza kupigwa Tanga, Wajerumani waliokota mamia ya bunduki za kisasa na risasi zipatazo 600,000. Afadhali kidogo, moshi ukapungua. Lakini usafi haukupungua, maana hata fataki za risasi za zama zile ziliacha chumvi yake ndani ya mtutu.

Machi 1916 walipigana Kahe, karibu na Moshi. Mwezi Mei jeshi la Jenerali Smuts likashuka bonde la Pangani, na Wajerumani wakarudi nyuma wakifuata reli ya Tanga inayopita Same. Hapo ndipo nchi yenyewe inapoleta mtihani. Tambarare ya Same ni kavu, vumbi tupu. Panda milimani kuelekea Shengena, unakuta ukungu na mvua. Bunduki iliyopakwa mafuta mengi bondeni inashika vumbi hadi inakuwa kama tope, na iliyoachwa kavu inashika kutu mlimani. Ni kupima: mafuta membamba, na kufuta mara kwa mara.

Vita iliishia Abercorn, 25 Novemba 1918. Bunduki walizosalimisha askari zilikuwa karibu zote za Kiingereza na Kireno, zilizotekwa vitani. Ile ya moshi ilishaachwa njiani. Ila zoezi la jioni halikuachwa, maana kila bunduki mpya iliyookotwa ilidai kitambaa chake.

Leo silaha bila kibali ni kesi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani. Kwa mwenye kibali, utaratibu haujabadilika sana: hakikisha haina risasi, angalia mara ya pili, ndipo ushike kitambaa. Kioo na kompensata vimeongeza sehemu mbili tu za kusafisha. Masizi ni yale yale.