Nzige, ndege za dawa na hili neno "udhibiti husishi"

Watu wangu wa Garissa, mnakumbuka nzige wa Desemba 2019? Ayax, kama tunavyowaita nyumbani. Walitoka Somalia na Ethiopia, wakaanzia Mandera na Wajir, kisha wakatufikia. FAO walisema Kenya haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa miaka 70. Kundi la kilomita moja tu ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Sasa mbuzi abaki na nini?

Ndege zikaja, dawa ikamwagwa. Sina ubishi, nzige akishapaa utafanya nini tena? Lakini tukaishia hapo. Mwaka 1959 Vernon Stern na wenzake kule California waliandika kwamba dawa iingie pale tu hasara inapozidi gharama, na isimalize wadudu wanaotusaidia. Huo ndio udhibiti husishi: unachunguza mapema, unaacha maadui wa asili wafanye kazi, dawa inakuja mwisho.

Na kwa nzige inawezekana. Tangu 1921 Uvarov alieleza kwamba nzige mpweke hubadilika akibanana na wenzake. Yaani kuna muda wa kuwawahi, wakiwa bado tunutu wanaorukaruka chini. Somalia, hao ndugu zetu mnaowaonea huruma, mwaka 2020 walinyunyiza kuvu aina ya Metarhizium, unaoua nzige bila sumu ya kemikali.

Anayewaona tunutu wa kwanza ni mchungaji, si rubani. Kaunti zimpe simu na bando kabla mvua ijayo.